Karafuu, Jino na Panya: Namna ya Kupima Kemikali Inayodaiwa Kutuliza Maumivu

Si ajabu kuokota chupa ndogo ya mafuta ya karafuu dukani na kukuta karatasi yake imebeba madai matatu kwa pumzi moja: hutuliza maumivu, hupunguza uvimbe, ni antioksidanti. Kisiwani Pemba dai la kwanza halina haja ya tangazo. Mtu aliyekeshwa na jino huitafuna karafuu au huipachika kwenye tundu la jino hilo, akangoja ganzi, na ganzi huja. Daktari wa meno naye, kwa njia yake, hufanya lile lile. Saruji ya muda ya kuzibia meno, iliyotumika duniani kwa zaidi ya karne moja, ni unga wa zinki oksidi uliokandwa kwa yujenoli, kemikali kuu ya karafuu.

Basi kama kila mtu anajua, cha kupima ni nini?

Ni kiasi, ni njia, na ni hatari. Ganzi ya fizini haisemi lolote kuhusu goti lililovimba, wala goti halisemi lolote kuhusu antioksidanti. Madai matatu ni maswali matatu, kila moja lina vipimo vyake, na kila kipimo kina upande ambao huhadaika. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuyajibu maswali hayo kwa utaratibu: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) aliye kampasi ya Mchanga Mdogo, mfamasia wa Chake Chake, mjasiriamali wa Wete anayetia mafuta kwenye chupa, au tabibu wa dawa za asili aliyechoka kuambiwa kwamba dawa yake haijathibitishwa. Yujenoli ndiyo mfano kwa sababu iko mlangoni. Anayepima kemikali nyingine ya mmea wowote atapita njia hiyohiyo, na atakutana na mitego ileile.

Kwanza ujue ulichoshika

Mikarafuu ililetwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa ile ya Unguja, mashamba ya Pemba yalinusurika, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Kwa hiyo malighafi si tabu. Tabu ni kwamba mti mmoja hutoa mafuta ya namna tofauti. Mafuta ya karafuu zenyewe, yaani matumba ya maua yaliyoanikwa, huwa na yujenoli kiasi cha asilimia 70 hadi 90, pamoja na yujenoli asetati na kariofilini. Mafuta ya makonyo, vile vijiti vinavyobaki baada ya kuchambua, mara nyingi hukaribia asilimia 90 au kuzidi, na asetati yake ni kidogo. Ya majani yana mizani yake mwenyewe. Kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) kilichopo Wawi, karibu na mji wa Chake Chake, hukeneka mafuta ya makonyo kwa mvuke, na jina lake mdomoni mwa watu ni kiwanda cha makonyo.

Anayeandika "mafuta ya karafuu" bila kusema ni ya sehemu gani ameiharibu kazi kabla hajaianza. Daftari lako lioneshe sehemu ya mti, shamba na shehia, tarehe ya kuchuma, karafuu zilianikwa siku ngapi na juu ya nini, jamvi au sakafu, na mafuta yalikenekwa vipi na kwa muda gani. Kata pia tawi lenye majani na maua, libanwe likauke, likahifadhiwe kwenye hifadhi ya mimea ya chuo kikuu likiwa na namba yake. Kwa mkarafuu, Syzygium aromaticum, hatua hii huonekana kama mzaha, kwa sababu hakuna Mpemba atakayeukosea. Kwa mimea mingine ya dawa ndiyo inayookoa kazi, maana jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea miwili tofauti kati ya Micheweni na Mkoani, na mtafiti wa kesho akishindwa kujua ulipima upi, hesabu zako zote zitakuwa za mmea usio na jina.

Sheria nayo isisahauliwe. Biashara ya karafuu Zanzibar iko mikononi mwa ZSTC, na kusafirisha karafuu au makonyo bila kibali huhesabiwa magendo. Mfuko wa utafiti hauna alama usoni ya kuutofautisha na mfuko wa mlanguzi. Kibali kwanza, boti baadaye.

Halafu usafi. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo tone lake likidondoshwa katika glasi ya maji huzama, ilhali mafuta ya kupikia huelea. Jaribio hili la jikoni humkamata tapeli mjinga tu. Aliyechanganya kidogo kwa ujanja atapita. Kipimo cha kutegemea ni kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektromita ya masi. Mashine hiyo hukitenganisha kila kiambato na kukitambua kwa uzito wa molekuli yake na vipande vyake. Yujenoli, ambayo fomula yake ni C10H12O2, ina uzito wa 164.2. Si lazima mashine iwe kisiwani. Tuma sampuli kwenye maabara iliyo nayo, lakini tuma nusu tu. Nusu nyingine ibaki kwenye chupa ya kioo cha kahawia, imejaa hadi shingoni, mahali penye baridi na giza, kwa sababu yujenoli ikikaa na hewa na mwanga hubadilika rangi, na baada ya hapo unachokipima si kile ulichokikeneka.

Nunua vilevile yujenoli safi ya maabara, ya asilimia 99, uipime sambamba na mafuta yako. Mafuta yakifanya kazi na yujenoli peke yake isifanye, sifa ni ya kiambato kingine. Wengi huiruka hatua hii kwa kubana matumizi, kisha hutumia fedha mara kumi yake kutafuta jibu ambalo chupa moja ingewapa.

Rangi ya zambarau inayofifia

Kipimo cha antioksidanti ndicho rahisi kuliko vyote, na ndiyo maana kimezagaa katika tasnifu za vyuo vyetu. Kinatumia kemikali iitwayo DPPH, ambayo ni radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake. Ikiyeyushwa katika methanoli huwa zambarau iliyokolea. Ikikutana na kitu kinachoweza kuipa elektroni au atomu ya haidrojeni, hutulia na kugeuka manjano. Blois aliueleza utaratibu huu mwaka 1958, na kwa kweli haujabadilika sana.

Tayarisha myeyusho wa DPPH wa milimola 0.1 kwa lita. Tayarisha sampuli yako katika viwango vitano au sita, kila kimoja nusu ya kilichotangulia. Changanya, weka gizani kwa dakika 30, kisha soma ufyonzaji wa mwanga kwa spektrofotomita katika nanomita 517. Tuseme bomba lisilo na sampuli limesoma 0.900 na lenye sampuli limesoma 0.315. Tofauti ni 0.585, sawa na asilimia 65 ya rangi iliyozimwa. Fanya hivyo kwa kila kiwango, mara tatu tatu, uchore mstari, utafute kiwango kinachozima nusu ya rangi. Hicho ndicho kinachoandikwa IC50, na kadiri kilivyo kidogo ndivyo kemikali ilivyo na nguvu. Pembeni pawe na vitamini C au Trolox ya kulinganishia. Sampuli yako ikiwa na rangi yake yenyewe, kama rojo la majani au la makonyo yaliyochemshwa, weka bomba jingine lenye sampuli bila DPPH na uitoe rangi hiyo katika hesabu.

Sasa upande wake wa kuhadaika. Karibu kila kitu chenye fenoli hufaulu mtihani huu, na yujenoli ni fenoli. Chai ya rangi nayo imejaa fenoli. Itie tone kwenye jaribio lako uone zambarau inavyokimbia. DPPH yenyewe haimo mwilini mwa mtu yeyote. Idara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuweka hadharani orodha ya vyakula kwa nguvu zao za kuzima radikali katika kipimo kiitwacho ORAC, na karafuu ya unga ilikuwa miongoni mwa vinara. Mwaka 2012 idara hiyo ikaiondoa orodha, kwa kuwa kampuni zilikuwa zikiitumia kuuzia bidhaa ilhali namba za kwenye bomba hazikuonesha faida mwilini. Kabla ya hapo, mwaka 1994, matokeo kutoka Finland yalikuwa yamewashtua waliodhani antioksidanti ni heri tupu. Wanaume wavutaji sigara 29,133 walikuwa wamegawiwa beta-karotini, vitamini E, vyote viwili, au vidonge visivyo na dawa, na waliopata beta-karotini waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Kipimo hiki kifanye, basi, lakini kipe aya moja katika ripoti, si sura nzima. Anayetaka kusema zaidi ya hapo apime ndani ya seli hai zilizotiwa msukosuko wa oksijeni, aone kama kemikali yake inazilinda au inaziongezea taabu. Yujenoli katika viwango vikubwa huweza kugeuka na kuziumiza seli hizohizo.

Mwani, unyayo na saa tano

Hapa kuna jambo ambalo huenda wakulima wengi wa mwani wa Pemba hawajawahi kuambiwa. Kipimo mashuhuri kuliko vyote cha dawa za uvimbe kinatumia karajinani, ute unaotolewa kwenye mwani mwekundu. Spinosum na cottonii, zinazolimwa kibiashara Zanzibar tangu mwaka 1989, wakulima wake wengi wakiwa wanawake, huuzwa nje kwa ajili ya ute wa jamii hiyo, unaotiwa katika vyakula vya maziwa na dawa za meno ili viwe vizito. Mwaka 1962 watafiti watatu wa Marekani, Winter, Risley na Nuss, walionesha kwamba karajinani ikidungwa kwenye unyayo wa panya huuvimbisha kwa saa kadhaa kwa namna inayotabirika, na kwamba dawa za kupunguza uvimbe huuzuia. Maabara nyingi hupendelea aina ya karajinani iitwayo lamda, ambayo hutoka kwenye mwani wa bahari za baridi. Spinosum hutoa iota, cottonii hutoa kapa. Aina hizi hazivimbishi kwa nguvu sawa, hivyo andika uliyotumia.

Kabla panya hajaguswa, lakini, yapo ya kufanywa kwenye sahani. Mwaka 1971 John Vane alionesha kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, kemikali zinazoleta joto, uvimbe na maumivu, na mwaka 1982 akashiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kimeng'enya kinachozitengeneza, COX, kinauzwa leo kwenye vifurushi vya maabara. Unakichanganya na kemikali yako na kuona kama kimezimwa, na kama ni COX-1 inayolinda tumbo au COX-2 inayoamka wakati wa uvimbe. Njia nyingine ni kuzichokoza seli za kinga kwa sumu ya bakteria na kupima kiasi cha prostaglandini zinachomwaga. Mtego wake ni wa wazi ukishaujua: seli iliyokufa haitoi prostaglandini. Kama hukupima kwanza uhai wa seli katika kila kiwango, unaweza kusherehekea dawa ya uvimbe kumbe umetengeneza sumu.

Kwa panya, mpangilio wa kawaida ni makundi ya wanyama sita sita. Kundi moja hupewa kiyeyushio peke yake, jingine hupewa dawa inayojulikana, kama diklofenaki au indometasini, na makundi yaliyobaki hupewa viwango vitatu vya kemikali inayopimwa. Dawa hutangulia kwa saa moja. Kisha hudungwa mililita 0.1 ya karajinani ya asilimia 1 chini ya ngozi ya unyayo, na ujazo wa unyayo hupimwa kila saa hadi ya tano, kwa kuuchovya kwenye kifaa kinachosoma kiasi cha kimiminika kilichosogezwa. Hesabu ni nyepesi. Unyayo wa kundi la kiyeyushio ukiongezeka mililita 0.80 katika saa ya tatu, na wa kundi la dawa ukaongezeka 0.48, kizuizi ni asilimia 40. Saa zenyewe zinaeleza jambo: uvimbe wa saa ya mwanzo huletwa zaidi na histamini na serotonini, na ule unaofuata huletwa zaidi na prostaglandini. Kemikali inayogusa saa ya kwanza tu haifanyi kazi kama diklofenaki hata asilimia zake zikifanana nayo.

Kuna njia mbili za kujidanganya hapa, na zote zimeshaingia kwenye machapisho. Ya kwanza ni kiyeyushio. Yujenoli haiyeyuki vizuri ndani ya maji, kwa hiyo hutiwa kwenye mafuta au kwenye kemikali ya kuichanganya, na baadhi ya viyeyushio hivyo hupunguza uvimbe vyenyewe. Ndiyo maana kundi la kulinganishia lipewe kiyeyushio kilekile kwa ujazo uleule, si maji matupu. Ya pili ni ya hila zaidi. Kitu kinachochoma kikidungwa tumboni huweza kupunguza uvimbe wa mguuni, kwa sababu mwili umeshughulishwa na jeraha jingine. Yujenoli inachoma. Mpe panya kwa mdomo, kama mtu atakavyoitumia, au pakaa kwenye ngozi ikiwa lengo ni dawa ya kupaka.

Panya asiyelamba mguu

Panya haulizwi anaumwa kiasi gani, hutazamwa anavyofanya. Sahani ya moto, ambayo Eddy na Leimbach waliieleza mwaka 1953, hupashwa hadi nyuzi joto 55 za selsiasi. Panya mdogo mweupe huwekwa juu yake, na sekunde huhesabiwa mpaka alambe unyayo au aruke. Asipofanya hivyo kwa sekunde 15 au 20 huondolewa kwa lazima asije akaungua. Mofini hurefusha muda huo sana, ilhali aspirini huwa kama haikupewa. Kipimo cha pili ni kudunga asidi asetiki hafifu, ya asilimia 0.6, tumboni na kuhesabu mara ngapi mnyama anajipinda. Hiki ni chepesi kupita kiasi. Hata baadhi ya dawa za mzio na za kulegeza misuli hukifaulu.

Ukilazimika kuchagua kimoja, chagua cha fomalini, kilichochapishwa na Dubuisson na Dennis mwaka 1977. Fomalini kidogo hudungwa kwenye unyayo. Dakika tano za mwanzo panya hulamba mguu kwa kuwa neva zenyewe zimechomwa. Hutulia. Kuanzia dakika ya 15 hadi ya 30 hurudia tena, na mara hii chanzo ni uvimbe. Dawa za jamii ya mofini huzuia vipindi vyote viwili, diklofenaki na ndugu zake hugusa zaidi cha pili, na dawa ya ganzi ikiwekwa palepale hukigusa cha kwanza mapema. Kwa yujenoli hilo ni muhimu, kwa sababu inajulikana kuziba milango ya sodiamu kwenye neva kama zifanyavyo dawa za ganzi, na kugusa kipokezi kilekile kinachoguswa na ukali wa pilipili. Ukitaka kujua kama njia yake inapita kwa vipokezi vya mofini, mpe panya kwanza naloksoni, dawa inayoviziba vipokezi hivyo. Nguvu ya kemikali ikitoweka, umepata jibu.

Mtego mkubwa wa sehemu hii watafiti wa samaki wanaujua kuliko wafamasia. Mafuta ya karafuu hutumiwa sehemu nyingi duniani kulaza samaki kabla ya kuwapima au kuwatia alama. Kipimo kikubwa cha yujenoli humlegeza panya pia, na panya aliyelegea halambi mguu, hajipindi, haruki kwenye sahani. Katika jedwali ataonekana ametulizwa maumivu kwa asilimia 90. Dawa ya mtego huu ipo tangu mwaka 1957, Dunham na Miya walipotengeneza kipimo cha fimbo inayozunguka: panya mzima huweza kutembea juu yake kwa dakika kadhaa, aliyelevywa huanguka. Kila kiwango kilichoonekana kutuliza maumivu kipitishwe hapo. Makala inayosifia mafuta ya karafuu kwa maumivu bila kipimo hiki iachwe mezani.

Hakuna lolote kati ya haya la kufanyiwa nyumbani au kwenye chumba cha darasa. Russell na Burch, Waingereza wawili, waliweka mwaka 1959 msimamo unaofuatwa hadi leo: tumia njia isiyo na mnyama inapowezekana, tumia wachache kadiri hesabu inavyoruhusu, na punguza mateso ya watakaotumika. Kivitendo ina maana ya kibali cha kamati ya maadili kabla ya kununua panya, mtu aliyefunzwa kuwashika, na hesabu ya takwimu inayotangulia jaribio, si inayotafutwa baada yake. Ina maana pia kwamba anayesoma muda kwenye sahani ya moto asijue panya yupi amepewa nini. Mtu anayetamani dawa ifanye kazi huchelewa kubonyeza saa kwa nusu sekunde, bila hata kukusudia. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi mwaka 2000, imejenga jina lake kwa kichocho na minyoo, si kwa vipimo vya panya. Kazi ya wanyama ipelekwe kwenye taasisi zenye nyumba ya wanyama na wataalamu wa dawa, kama Chuo Kikuu cha Muhimbili chenye Taasisi ya Tiba Asilia, au Sokoine Morogoro kwenye madaktari wa mifugo.

Kabla ya kumpa mtu

Sumu ipimwe mapema, wala isiachwe iwe sura ya mwisho. Kwa yujenoli kiwango kinachokubaliwa na wataalamu wa viongezwa vya vyakula wa Umoja wa Mataifa ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtoto wa kilo 10, kwa hesabu hiyo, haruhusiwi kuzidi miligramu 25, na mililita moja tu ya mafuta ya makonyo ina zaidi ya miligramu 900. Mwaka 1993 madaktari wa Uingereza waliripoti mtoto wa miaka miwili aliyekunywa mililita 5 hadi 10 za mafuta ya karafuu: alipoteza fahamu, akapata degedege, damu yake ikashindwa kuganda na ini likaumia vibaya. Kijiko cha chai ni mililita tano. Kwa hiyo karafuu kavu kwenye jino ni jambo moja, na chupa ya mafuta yaliyokenekwa iliyowekwa kwenye rafu ambayo mtoto anaifikia ni jambo jingine kabisa.

Ushahidi wa binadamu kuhusu karafuu upo, na ulio mzuri umetoka Ghuba. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kuwait walichapisha jaribio la watu wazima 73 wa kujitolea. Walipakwa kwenye fizi upande wa shavu, penye chonge la juu, geli ya karafuu iliyotengenezwa kwa mkono, au benzokaini ya asilimia 20, au geli zisizo na dawa zilizofananishwa na hizo mbili, kisha wakachomwa sindano na kuulizwa maumivu yalikuwa makali kiasi gani. Karafuu na benzokaini zote zilishinda geli tupu, na kati yao haikuonekana tofauti. Ni jaribio dogo na la maumivu ya sekunde chache, lakini limeuliza swali moja na kulijibu. Anayetaka kulirudia Pemba atakutana na shida ya kienyeji: atamfichaje mtu wa hapa harufu ya karafuu? Suluhisho moja ni kutia kionjo cha karafuu kidogo sana, kisichofikia kiwango cha ganzi, kwenye geli tupu. Jingine ni kuwauliza washiriki mwishoni wanadhani walipakwa ipi, na kuandika majibu yao hata kama yanaudhi.

Vibali viwili havikwepeki. Cha maadili hutolewa na kamati iliyo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar (ZAHRI), na cha bidhaa yenyewe ni cha Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Jaribio lisajiliwe hadharani kabla ya mshiriki wa kwanza, likiwa limetaja kipimo kimoja kikuu kitakachoamua, ili baadaye usije ukachagua kati ya vipimo kumi kile kilichokufurahisha. Fomu ya ridhaa iandikwe Kiswahili cha kueleweka, isomwe kwa sauti kwa asiyesoma, na sheha ajue kinachofanyika kwenye shehia yake, ingawa idhini ya sheha haisimami mahali pa idhini ya mtu mwenyewe.

Halafu kamati huru ya kuangalia usalama. Pemba yenyewe imewapa watafiti wa dunia sababu ya kuiweka. Kati ya mwaka 2002 na 2003 maelfu ya watoto wa kisiwa hiki, wenye umri wa mwezi 1 hadi 35, walipewa kila siku madini ya chuma na asidi foliki, zinki, vyote kwa pamoja, au kidonge kisicho na dawa. Chuma kilikuwa kitu kinachoaminika kila mahali kuwa chema kwa mtoto mwenye upungufu wa damu. Agosti 2003 kamati ya kuangalia usalama ilishauri sehemu za chuma zisimamishwe, na zikasimamishwa: watoto waliopewa chuma na asidi foliki walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 12 wa kulazwa hospitali au kufa kuliko wenzao, mahali ambapo malaria ilikuwa nyingi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kuhusu kugawa chuma kwa watoto katika maeneo ya malaria.

Kwa geli ya meno hatari ni ndogo mno ukilinganisha na hiyo, lakini utaratibu ni uleule. Kabla mtu wa kwanza hajapakwa, andika ni dalili zipi zitakazosimamisha jaribio, kwa mfano kidonda cha fizi kwa idadi fulani ya washiriki au mzio hata wa mtu mmoja, na ni nani mwenye mamlaka ya kulisimamisha. Mtu huyo asiwe mtafiti mkuu, asiwe mfadhili, wala asiwe mwenye mafuta. Nakala ya kanuni hizo ikae kwa kamati ya maadili ikiwa na tarehe na sahihi, na nyingine kwenye kituo cha afya ambacho washiriki watakimbilia wakizidiwa usiku.